Mzee Yuko Getini

Redio ya mlinzi haina chumba cha ndani. Neno likimtoka mmoja limewaingia wote: geti kubwa limesikia, geti la nyuma limesikia, lindo la matangi limesikia, na kule ghorofani, juu ya meza ya Mkurugenzi, redio nyingine inakoroma kando ya kikombe cha chai, nayo imesikia. Kwa hiyo walinzi wa mtambo wa maji walijifunza kusema kwa kuficha. Kwenda haja kuliitwa kukagua uzio. Aliyechelewa kwa sababu ya ulevi wa jana alikuwa na homa ya chupa. Na Mkurugenzi, ambaye hakuna aliyethubutu kumtaja hewani kwa jina lake, alikuwa Mzee. Basi, Mzee. Mzee anaingia. Mzee anatoka. Mzee leo kanuna, chomekeeni mashati.

Msimamizi wao alikuwa mwanamke, na walimwita Kamanda. Alianza kazi akipekua mikoba ya wanawake getini, akapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi yenye mbao mbovu, kila hatua akiijaribu kwanza kabla ya kuikanyaga. Alipopewa usimamizi, wapo wanaume walionong'ona kwamba sasa mtambo wa serikali utalindwa kwa mwiko. Kamanda hakuwajibu. Aliwapanga mstari akawakagua mabuti, na waliokuwa na mabuti machafu aliwarudisha nyumbani mchana kweupe, wapite mitaani watu wawaone. Tangu siku hiyo habari za mwiko zikafa.

Aliwahi kukataza hilo neno Mzee. Alisema Mkurugenzi apewe jina la redioni, aitwe Nyota, kama wafanyavyo walinzi wa mahali pa maana. Kesho yake sauti ikatoka lindo la matangi: "Nyota imetua, imevaa suti ya kijivu, na kitambi kimetangulia." Redio zote zikacheka, na Kamanda mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta. Haikupita muda Nyota ikazimika na Mzee akarudi. Mazoea yana tabu. Jambo ulilolicheka leo, kesho huwezi kulikemea.

Katika kikosi hicho alikuwapo mlinzi wa geti kubwa, mtu wa makamo kuelekea uzeeni, amebakiza kidogo tu apewe kiinua mgongo chake akapumzike. Jina lake la kazi lilikuwa Kufuli. Hakuwa akifungua kwa sura, wala kwa cheo, wala kwa machozi. Wenzake walimtungia wimbo wa kumtania, wakiuimba kila zamu zinapobadilishana:

Kufuli la geti halina shemeji,
Ukija na cheti utakunywa maji.

Siku moja alimzuia mke wa Mkurugenzi juani, gari linaunguruma, mama anafoka, mpaka mume akashuka ghorofani kwa miguu yake kuja kumdhamini. Mkurugenzi alimsifu Kufuli mbele ya watu wote. Inasemekana jioni ile alikula chakula kilichopoa.

Kwa hiyo yalipotokea yaliyotokea, swali lililozunguka mtamboni lilikuwa moja tu: imekuwaje Kufuli akafungua?

*

Kamanda aliishi na baba yake, pamoja na wifi yake, mke wa kaka aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Baba huyo alikuwa fundi wa vali katika mtambo huohuo mpaka alipostaafu. Mikono yake ndiyo iliyofungua na kufunga maji ya mji kabla wengi wa wanaoyanywa leo hawajazaliwa. Lakini sasa akili ilikuwa inamvuja. Ilianza kama ndoo yenye tundu dogo: jina la mjukuu likapotea, kisha njia ya dukani. Halafu ikaja asubuhi alipovaa ovaroli yake ya zamani, akakaa kitandani akifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba, akisema amechelewa zamu.

Asubuhi ya siku hiyo wifi alimfuata Kamanda hadi mlangoni.

"Wifi, baba ameamka na ovaroli tena."

"Mvue."

"Nimvue mimi? Mkwe wangu? Haya, niambie nianze na kifungo kipi."

Kamanda akatabasamu bila kutaka. "Basi mwache nayo. Funga mlango, ufunguo kaa nao."

"Ufunguo ninao hapa kifuani mpaka umenichora alama. Lakini na mimi ni mtu, wifi. Nina nguo za kufua uani, nina soko, nina mgongo. Wewe unalinda maji ya serikali. Nyumba yako inalindwa na nani?"

"Jioni tutaongea."

"Jioni, jioni! Jioni yako, wifi, ni kama basi lililofutwa njia. Tunaisubiri kituoni, haifiki."

Kamanda alikuwa ameshavuka barabara.

Jua lilipoanza kuchoma alikuwa nyuma kabisa ya mtambo, amechuchumaa mbele ya tundu lililokatwa kwenye uzio, na mlinzi wa geti la nyuma amesimama pembeni akijitetea.

"Ni mbuzi, Kamanda."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa huku ni wakorofi sana."

"Huyu mbuzi wako ana koleo? Tazama waya ulivyokatwa. Mbuzi gani anakata waya sawasawa hivi, kasomea ufundi?"

Redio kiunoni ikakohoa.

"Kamanda, Kamanda. Geti kubwa."

Ilikuwa sauti ya Kufuli. Kamanda akabonyeza bila kuuondolea macho uzio. "Sema, geti kubwa."

Kufuli alikawia, kama mtu anayechagua pa kukanyaga. "Mzee yuko getini."

"Sawa."

"Yuko kwa miguu, Kamanda."

Kamanda alilijua hilo. Gari la Mkurugenzi lilikuwa gereji tangu jana, limefunguliwa injini, na dereva wake alikuwa amelalamika getini mpaka kila mtu akaijua habari hiyo.

"Najua. Mpitishe."

"Kitambulisho hana."

Hapo Kamanda akapandwa na hasira. Aliona picha yote: Mkurugenzi amesimama vumbini, jasho linamtoka, na Kufuli na ukufuli wake anamnyooshea mkono wa kutaka cheti.

"Kufuli! Mzee naye unamdai kitambulisho? Mfungulie. Usituaibishe."

 Halafu Kufuli akajibu, taratibu, kwa sauti ambayo Kamanda hakuwahi kuisikia kwake: "Nimekupata, Kamanda. Wala usijali."

Wala usijali. Neno hilo lilimgusa kidogo, likapita. Alikuwa na mbuzi mwenye koleo wa kushughulika naye.

Alikuwa bado palepale, anaelekeza waya ushonwe wapi, redio ilipokohoa tena.

"Kamanda, geti kubwa. Mzee anaingia." Kisha haraka: "Mkurugenzi, nasema. Mkurugenzi mwenyewe, kaja na pikipiki ya kukodi."

Kamanda akasimama. Akaitazama redio kana kwamba ina uso. Mkurugenzi anaingia? Kwani yule wa mwanzo aliyeingia ni nani?

Kabla hajabonyeza kuuliza, akausikia mngurumo. Kila aliyefanya kazi mtamboni aliujua mngurumo huo, na hakuna aliyepaswa kuusikia siku hiyo. Ilikuwa sauti ya tangi kubwa la maji safi likimwaga maji yake yote kwenye mtaro.

Alikimbia. Alimpita mlinzi wa matangi akiwa ameduwaa, shati limechomekewa vizuri ajabu. Aliteremka ngazi za zege hadi kwenye shimo la vali, na humo, maji yakimrukia kifuani, ovaroli imeganda mwilini, alisimama baba yake, mikono yote miwili kwenye gurudumu la chuma, anacheka kama bwana harusi.

"Mama!" aliita alipomwona. Siku zote alimwita hivyo. Binti alirithi jina la bibi yake, mama wa mzee huyo. "Umekuja? Shika upande huu, imekaza."

"Baba, toka hapo."

"Leo ni siku ya kuosha tangi na hawa wamelala. Unataka watu wanywe tope?"

"Baba, ndiyo maji ya watu hayo! Toka!"

"Kesho yatakuwa safi," alisema mzee kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. "Kesho utayaona."

Mafundi watatu walishuka wakalizungusha gurudumu kulirudisha. Mpaka lilipokaza, sakafu ya tangi ilikuwa inaonekana, na maji ya mji mzima, yaliyochujwa na kutiwa dawa tangu juzi, yalikuwa yanaserereka mtaroni pamoja na majani makavu na chupa tupu.

Kamanda alimfunika baba yake koti lake la kazi. Mlinzi wa matangi alikuja nyuma yao.

"Kamanda, aliniuliza kwa nini sijachomekea shati. Kwa ukali kabisa. Nikajua ni mkubwa kutoka wizarani."

Siku nyingine angecheka.

*

Ofisini kwa Mkurugenzi feni ilizunguka bila kuleta upepo. Simu ya mezani iliita, ikanyamaza, ikaita. Hospitali ya serikali haina maji. Machinjio hayana maji. Shule ya bweni haina maji. Mkurugenzi, mwenye nywele nyeusi kuliko umri wake, alikiweka kidole juu ya meza akawatazama wote wawili: Kamanda na Kufuli, wamesimama bega kwa bega, kofia mkononi.

"Nani alifungua geti?"

"Mimi," Kufuli akajibu.

"Wewe! Wewe uliyemchoma juani mama watoto wangu! Nani alikuruhusu?"

Kamanda aliigeuza kofia mkononi. Alikuwa amekwisha kulifumbua fumbo, njiani, alipokuwa akimpeleka baba nyumbani kwa gari la mtambo. *Mzee yuko getini.* Neno moja, wazee wawili. Aliamini kosa ni la Kufuli. Mlinzi mzoefu kama yule, anajua kwamba Mzee wa redioni ni mmoja tu, iweje ampe jina hilo kikongwe aliyepotea? Hasira hiyo ilikuwa imemkaa kooni, na ilimfaa sana, maana iliziba mahali ambapo hofu ingetokea.

"Hakuna aliyeniruhusu, bosi," Kufuli alisema akitazama mbele. "Nilimwona mzee, nikamhurumia. Nikamwambia akae kwenye benchi. Likaja lori la dawa ya maji, nikawa nalikagua. Nilipogeuka, benchi tupu."

Kamanda akageuza shingo kumtazama. Kufuli hakumtazama.

"Ulimhurumia." Mkurugenzi alilitafuna neno hilo. Kisha akamgeukia Kamanda, na sauti yake ikalainika, maana yeye ndiye aliyempigania wizarani apewe cheo. "Na wewe ulijua kwamba baba yako ameingia humu ndani?"

"Sikujua," Kamanda akasema.

Lilikuwa neno la kweli, na lilifanya kazi yote ya uongo.

"Basi. Tukiwa wakali na mtu mmoja, wizara itanyamaza. Kufuli, kesho asubuhi utakabidhi vifaa kwa Kamanda. Mkataba umeishia hapo, na hayo mambo ya kiinua mgongo usiniulize, sheria inasema yenyewe. Kamanda, mfungie baba yako ndani. Pole sana."

Walipotoka, kwenye korido, walinzi waliokuwa wakisubiri amri walijipanga ukutani.  Wote walikuwa na redio viunoni mwao, na wote asubuhi ile waliisikia sauti ya mwanamke ikisema mfungulie. Walimpigia Kufuli saluti. Kamanda naye walimpigia, sekunde moja baadaye.

*

Nyumbani bomba lilipiga mluzi mkavu. Wifi alikuwa ametoka kwenye foleni ya gari la maji, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, kanga imelowa upande.

"Maji ya mji mzima ameyamwaga yeye," alisema akitua ndoo, "na wa kuyabeba nimekuwa mimi. Dunia hii ina uwiano wake."

"Wifi, nisamehe."

"Kwani wewe ndiye uliyefungua? Nimekosa mimi. Nilikuwa uani naanika shuka. Mlango niliufunga, wallahi niliufunga. Katokea dirishani, wifi! Baba huyu huyu tunayemshika mkono kwenda chooni, karuka dirisha." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini nikwambie kitu. Kule foleni wanamlaani huyo mlinzi mpaka mvua itaacha kunyesha. Eti alilala. Eti kapewa hongo. Kuna mama mmoja binti yake kajifungua leo, wanamchemshia maji ya dimbwi. Kamlaani mlinzi na kizazi chake. Mimi nimenyamaza na ndoo yangu. Ningesema nini?"

Kamanda akazipanga ndoo ukutani. Aliingia chumbani kwa baba.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, amevishwa nguo kavu, mikono imelala mapajani kama zana zilizorudishwa kabatini. Alimtazama binti yake kwa adabu anayopewa mgeni, kisha kitu kikawaka machoni.

"Mama. Maji yametoka safi?"

"Yametoka, baba."

"Yule kijana wa getini ana adabu sana," mzee alisema. "Kaninyanyulia kofia. Kanipa na benchi. Kaniambia, shikamoo baba, Kamanda amesema upite. Mwambie bosi wake amwangalie vizuri. Watu kama wale hawapatikani."

Kamanda alikaa ukingoni mwa kitanda. Kijana wa getini alikuwa na mvi. *Kamanda amesema upite.*

Alilirudia neno hilo usiku mzima, na halikumpa nafasi ya kugeukia ubavu wa pili.

*

Asubuhi Kufuli alikuwa amekwisha kupanga vitu vyake juu ya meza ya kibanda cha walinzi: kirungu, filimbi, tochi, mkanda, kofia. Mabuti aliyapiga rangi yakang'aa. Yeye mwenyewe alivaa kandambili na shati la nyumbani lenye maua, na katika shati hilo alionekana mdogo, kama mtu aliyetolewa kwenye ganda lake.

"Kagua, Kamanda," alisema. "Kila kitu kipo. Isipokuwa filimbi, ina kutu kidogo. Nilikuwa sipigi, nilikuwa nafoka tu."

Kamanda alifunga mlango wa kibanda. "Kwa nini hukusema?"

"Nisemeje?"

"Kwamba ni mimi niliyekuambia umfungulie."

"Uliniambia usituaibishe." Kufuli alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, maana sasa hakuwa tena chini ya amri ya mtu. "Nikakuelewa. Hata mimi nina wazee."

"Nilijua unamsema Mkurugenzi! Neno Mzee ni la Mkurugenzi, kila mtu anajua. Mtu mzima kama wewe, unatumiaje neno hilo kwa—"

"Ningetumia lipi?"

Kamanda akaichukua filimbi, akairudisha mezani.

"Hebu nambie wewe mwenye cheo," Kufuli aliendelea, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Baba yako yuko mbele yangu. Ovaroli kavaa nje ndani, zipu iko wazi, mguu mmoja una kiatu na mwingine una ndala ya kike. Kaniamkia mimi shikamoo, yeye! Mtu aliyekuwa akinipa chai nilipoanza kazi hapa sina hata wa kuniazima sahani. Nichukue redio, nitangaze mpaka ghorofani, Kamanda, baba yako yuko getini, karukwa na akili? Malindo yote yasikie? Wale waliosema habari za mwiko wapate kitoweo? Nikatafuta neno la kumfunika. Mzee ni mzee. Mtu hatukanwi kwa neno hilo. Nikasema, Mzee yuko getini. Nikaongeza, yuko kwa miguu, ili ujue si yule mwingine. Ukasema najua. Nikaongeza tena, kitambulisho hana. Ukasema nisiwaaibishe. Sasa mimi nifanyeje? Nikaona Kamanda ameelewa, na anaomba sitara."

Kamanda aliitazama meza. Filimbi yenye kutu. Kofia iliyokunjwa vizuri. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kumsamehe mtu huyu kosa lake.

"Nilidhani unakuja kumchukua," Kufuli akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nilikwambia usijali. Hapo tu ndipo nalaumu akili yangu. Ningemfunga kamba kwenye lile benchi."

"Na kule ofisini?"

"Kule ofisini nilikupa nafasi." Akacheka kidogo, bila furaha. "Ukaiacha ipite. Sikulaumu. Una watu wanakula kwenye mkono wako. Mimi wanangu wamekua. Tutalima, tutauza mchicha. Lakini usinifungie mlango kunitaka nikutue mzigo, Kamanda. Huo utaubeba."

Nje, zamu zilikuwa zinabadilishana. Sauti zilisikika, hatua, mtu anakohoa. Wimbo wa Kufuli haukuimbwa.

Kamanda alikwenda dirishani. Ghorofani pazia la ofisi ya Mkurugenzi lilikuwa limefunguliwa. Mtu yupo, chai ipo, redio ipo. Angeweza kupanda ngazi, akabisha hodi, akaongea kwa sauti ya chini. Na Mkurugenzi kwa sauti ya chini angemjibu aliyokwisha kuyasema: basi, tukiwa wakali na mtu mmoja. Mlango ungefungwa. Mambo ya chini huzikwa kwa sauti ya chini.

Akaitoa redio kiunoni. Kufuli akainuka.

"Kamanda. Usifanye hivyo. Si hewani. Mfikirie mzee."

"Namfikiria mzee," alisema, na akabonyeza.

"Malindo yote. Kamanda hapa." Akaisogeza redio karibu zaidi na mdomo. "Malindo yote, nisikilizeni. Mtu aliyeingia jana akafungua vali ni baba yangu mzazi. Ni mgonjwa wa akili. Amesahau mengi, lakini kazi hajaisahau. Geti kubwa liliniuliza kama afunguliwe. Niliyesema afunguliwe ni mimi. Nilidhani ni Mkurugenzi. Sikuuliza, na kazi yangu ni kuuliza. Kufuli hakumwonea mtu huruma. Kufuli alitii amri. Nimemaliza."

Akaachia kitufe. 

Redio ikakaa kimya. Ukimya wa redio si kama ukimya mwingine. Unasikia watu ndani yake, wanapumua. Kufuli alikuwa amesimama na shati lake la maua, macho mekundu, na hasira yake ilikuwa ya kweli.

"Mimi nilimfunika," alisema. "Wewe umemfunua."

"Ulikuwa umemfunika kwa nguo yako, ukabaki uchi wewe."



Ndipo redio ikakohoa. "Geti la nyuma. Nimekupata, Kamanda." Halafu: "Na lile tundu, Kamanda, si mbuzi." Kisha nyingine: "Lindo la matangi. Nimekupata." Zikafuatana moja baada ya nyingine, bila mzaha, kama watu wanaotupa udongo kaburini, kila mmoja kiganja chake. Mwisho ikaja sauti iliyozoea kutozungumza redioni, iliyobonyeza kitufe mapema mno ikapoteza neno la kwanza.

"...manda. Mzee hapa." Mkurugenzi alisita, kana kwamba neno hilo limemchoma sasa hivi kwa mara ya kwanza. "Mkurugenzi hapa. Panda ofisini. Njoo na redio yako, na funguo zako zote."

"Nimekupata," Kamanda akajibu.

Akafungua mkanda wa funguo, akaushika mkononi ili asipate tabu ya kuufungua mbele ya mtu. Mlangoni aligeuka. Kufuli alikuwa bado amesimama pale mezani, hakusogea, hakumuaga. Alikuwa ameinamia mabuti yake, anayatazama kama mtu aliyeambiwa arudi ndani ya nyumba ambayo ameshaiaga.

Kamanda alikatiza uwanja. Jua lilikuwa kali, na kutoka matangini ilisikika sauti ya pampu zikijaza upya, polepole, zikikoroma. Alikuwa amefika ngazi ya kwanza aliposikia lori likisimama getini na kupiga honi, mara moja, mara mbili, na dereva akifoka kwamba ana haraka, mji hauna maji, hawaoni?

Honi ikakatika.

"Hata kama mji unaungua," ilisema sauti aliyoijua, "kitambulisho."

Hakugeuka kutazama kama ilikuwa na mabuti au kandambili. Akapanda.